MASHINE YA BOTI INAPOPATA MOTO: DALILI, SABABU NA HATUA ZA KUCHUKUA

Mafunzo kwa watumishi wa Serikali, manahodha na wananchi wa Pemba



Pemba si kisiwa kimoja tu. Kimezungukwa na visiwa vidogo vidogo vyenye watu, na shughuli za watu hao hazikamiliki bila ya kuvuka maji. Kisiwa Panza huvukiwa Chokocho. Wakaazi wa Makoongwe hufuata mahitaji yao Mkoani. Watu wa Fundo huingia Wete. Na Kojani huvukiwa Likoni. Katika vivuko hivyo hupita walimu, wauguzi, wanafunzi, wavuvi na samaki wao, na mara nyengine mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku.

Zamani safari hizo zilifanywa kwa upondo, kasia na tanga, na vyombo vya aina hiyo vipo hadi leo. Lakini safari nyingi sasa zinategemea mashine za kupachika. Mashine hizo zimefupisha masafa na zimeokoa roho za watu. Hata hivyo zina maradhi yao, na moja kati ya maradhi yanayoziua mapema ni kupata moto kupita kiasi. Tanga likichanika hushonwa, na kasia likivunjika hubaki la pili. Lakini mashine ikiungua katikati ya maji, chombo na waliomo huwa mikononi mwa upepo na mkondo.

Makusudio ya makala haya ni kumwezesha nahodha, na hata abiria wa kawaida, kuyatambua maradhi hayo mapema na kujua la kufanya. Jambo kubwa la kushika ni moja: aghlabu mashine ya boti haiungui kwa ghafla. Huonya kwanza. Anayelisikiliza onyo hurudi na mashine yake nzima, na anayelipuuza kwa sababu ya haraka huchelewa zaidi kuliko alivyokhofia.

KWA NINI MASHINE HUHITAJI MAJI

Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto la gesi hupindukia nyuzi 2,000 za sentigredi kwa kitambo kidogo sana, na jambo hilo hukaririwa maelfu ya mara kwa dakika. Sehemu kubwa ya mwili wa mashine ni aluminiamu, madini ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoisalimisha mashine ni kwamba joto huondoshwa pale pale linapozaliwa.

Gari huondosha joto lake kwa maji ya rejeta. Mashine ya kupachika haina rejeta. Yenyewe huvuta maji ya bahari, huyapitisha kandokando ya silinda, kisha huyarudisha baharini. Kwa hivyo bahari yote ndiyo rejeta yake. Lakini wingi wa bahari hauifai kitu mashine iwapo maji hayafiki ndani.

Njia ya maji hayo ina vituo vitano, na ni vyema msomaji avihifadhi kwa taratibu yake, kwani kila kituo ni mahali pa kutafutia kasoro.

1. Matundu ya kuingizia maji. Yako kwenye mguu wa mashine, karibu na rafadha, na aghlabu yana chujio ndogo.

2. Pampu ya maji. Imo ndani ya mguu, juu kidogo ya sanduku la gia. Ndani yake mna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, ambalo mafundi huliita impela. Hilo ndilo linalosukuma maji kwenda juu.

3. Bomba na mifereji. Maji hupanda kwa bomba, kisha huzunguka silinda na kichwa cha mashine.

4. Themostati. Hiki ni kilango kidogo ambacho hufunguka maji yanapopata joto. Katika mashine nyingi za kupachika hufunguka baina ya nyuzi 50 na 60 hivi. Kazi yake ni kuiweka mashine katika joto linalofaa, isiwe baridi mno wala moto mno.

5. Njia ya kutokea. Maji mengi hutoka pamoja na moshi kwa chini. Sehemu ndogo hutoka nyuma kwa tundu dogo na kuonekana kama mchirizi. Tundu hilo tutaliita tundu la ishara, kwa sababu limewekwa mahsusi ili nahodha apate kujua kwamba maji yanapita.

DALILI ZA MASHINE KUPATA MOTO

Dalili ya kwanza ni mchirizi kudhoofika. Jana ulikuwa unaruka mbali, leo unadondoka. Au unatoka na kukatika. Au umekatika kabisa na badala yake unatoka mvuke. Dalili ya pili ni mashine kupungua nguvu bila ya nahodha kupunguza mafuta. Dalili ya tatu ni harufu ya rangi au mpira unaoungua. Dalili ya nne ni sauti kubadilika, ikawa kavu yenye kugonga. Baadhi ya mashine zina kengele inayolia, na nyengine hujipunguzia mwendo zenyewe ili zijihami. Dalili ya mwisho ni mashine kukwama na kuzimika, na hiyo kwa hakika si dalili tena bali ni matokeo.

Izingatiwe kwamba baina ya dalili ya kwanza na ya mwisho muda unaweza kuwa wa dakika chache tu. Kwa hivyo mtu mmoja katika chombo, akiwa nahodha au msaidizi wake, apewe kazi ya kuutazama mchirizi mara kwa mara.

HATUA ZA KUCHUKUA BAHARINI

Kwanza, punguza mwendo na uzime mashine. Ikiwa chombo kipo mahali pa khatari, kama vile kwenye mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba au katika njia ya meli, jitoe hapo kwa mwendo mdogo kabisa, kisha uzime.

Pili, kishike chombo. Penye kina kifupi tia nanga. Pasipofikika kwa nanga, elekeza omo kwenye mawimbi kwa makasia, au funga ndoo kwa kamba na uiburure mbele ya chombo ili kisikae ubavu na kupigwa na bahari.

Tatu, inua mguu wa mashine na utazame matundu ya kuingizia maji. Mfuko wa plastiki, majani ya baharini au kipande cha wavu vinaweza kuyaziba. Ondosha kilichopo na usafishe chujio. Kazi hii isifanywe ila mashine ikiwa imezimwa na gia imetolewa.

Nne, zibua tundu la ishara kwa kipande cha mshipi au waya laini. Tundu hilo ni jembamba, na punje ya mchanga au chumvi iliyoganda inatosha kuliziba.

Tano, subiri. Iache mashine ipoe wenyewe kwa muda usiopungua nusu saa. Usimwage maji ya baridi juu ya kichwa cha mashine yenye moto. Madini yakipozwa ghafla hupinda au hupasuka, na mashine iliyokuwa inahitaji kuzibuliwa tu ikawa haifai tena.

Sita, vuta kamba ya kuwashia pole pole. Ikiwa nyepesi, ni kheri. Ikiwa nzito kupita kawaida au haivutiki, pistoni imekamata. Usilazimishe. Kulazimisha huvunja kilichosalia.

Saba, ikivutika vizuri, washa na uiache katika mwendo mdogo. Mchirizi unapaswa kuonekana baada ya sekunde chache. Ukikosekana kwa nusu dakika, zima. Ukionekana, endelea kwa mwendo wa chini, nawe uelekee pwani iliyo karibu. Pwani iliyo karibu ndiyo inayokusudiwa, hata kama siko ulikokuwa unakwenda.

Nane, mashine ikikataa, toa taarifa mapema. Mwenye redio ya baharini aite katika chaneli ya 16. Mwenye simu awapigie jamaa au Sheha wa pwani aliyotoka, ili taarifa ifike Polisi na KMKM. Taja mahali ulipo, idadi ya watu, na upande unaopelekwa. Taarifa inayotolewa saa nane mchana ina faida kubwa kuliko ile inayotolewa magharibi, wakati betri ya simu inakwisha na kiza kinaingia.

MKONDO HAUNGOJI

Yafaa kueleza kwa nini tunasisitiza hatua hizi kwa mnasaba wa Pemba khasa. Baina ya kisiwa chetu na bara pana mkondo wa bahari wenye upana wa karibu kilomita 50, na kina chake mahali pengine hupindukia mita 800. Hakuna boti ndogo yenye kamba ya nanga ya kufika huko chini. Fauka ya hayo, maji ya mkondo huo huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi upepo huyaongezea kasi. Chombo kilichozimika mashine upande wa magharibi wa Pemba hakibaki kilipo kikingoja kutafutwa. Husukumwa kuelekea bahari ya Kenya, na kila saa inayopita humwongezea kazi anayekitafuta. Kwa hiyo hata chombo chenye mashine mpya kisiondoke bila ya makasia, nanga, maji ya kunywa na jaketi za kuokolea kwa kila mtu aliyemo. Na ikiwezekana kiwe na mlingoti na tanga.

Mwandishi wa makala haya analijua jambo hili si kwa kusoma tu. Miaka mingi iliyopita alikuwa miongoni mwa abiria saba waliopanda boti ya afisi moja kwa safari ya kikazi upande wa magharibi. Kabla ya kufungua kamba, nahodha, mtu mzima mwenye uzoefu, aliinama nyuma, akasema: "Mabwana, maji yanatoka kidogo leo. Niacheni niutazame mguu." Mmoja wetu akajibu kwamba saa ya mkutano imepita na mguu utatazamwa wakati wa kurudi. Nahodha alikuwa mtumishi wa daraja ya chini, naye akatii. Nusu ya njia mashine ilikamata. Tulichukuliwa na maji tangu kabla ya adhuhuri hadi alasiri, mpaka wavuvi waliokuwa wakirudi kwa tanga walipotuona na kutuvuta. Fundi alipofungua mguu alikuta kipande cha mfuko wa plastiki, kisichozidi kiganja, kimebanwa kwenye tundu la kuingizia maji. Kukitoa kungelichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Mashine haikutengenezeka.

Aliyesema mguu utatazamwa wakati wa kurudi ni mimi. Nimelieleza hili ili wakuu wa misafara wajue kwamba ndani ya chombo mwenye amri ni nahodha, na cheo cha afisini hakipozi silinda.

KUTAFUTA SABABU BAADA YA KUFIKA PWANI

Mashine ikishafika pwani, sababu itafutwe kwa utaratibu, kuanzia jambo jepesi kwenda zito. Fundi ajiulize maswali yafuatayo.

Je, mchirizi hautoki, lakini mashine haina moto? Aghlabu ni tundu la ishara pekee lililoziba. Lizibuliwe, na mashine ijaribiwe tena.

Je, mchirizi hautoki, na mashine ina moto? Baada ya kusafisha matundu ya kuingizia, ifunguliwe pampu. Impela itazamwe kama mabawa yake yamekatika, yamepasuka au yamekauka na kulala upande mmoja. Vipande vilivyokatika vitafutwe mpaka vipatikane vyote, kwani vikipanda juu vitaziba mifereji hata kama impela mpya imetiwa. Kadhalika utazamwe ufunguo mdogo unaoishikanisha impela na shafti. Ukivunjika au kuanguka, shafti huzunguka na impela husimama.

Je, mashine hupata moto ikienda pole pole na hupoa ikienda kasi? Tuhuma iende kwanza kwa impela iliyochakaa au themostati iliyokwama ikiwa imefungika. Themostati hujaribiwa kwa urahisi: itundikwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, maji yapashwe moto pole pole pamoja na kipimajoto, na itazamwe inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Ile isiyofunguka ibadilishwe.

Je, mashine hupata moto ikienda kasi tu? Huenda maji hayaitoshi kwa kuwa mifereji imebanwa na chumvi, au mashine imefungwa juu mno ikawa inavuta hewa pamoja na maji. Kipimo cha kawaida ni kwamba lile bamba lililo juu ya rafadha liwe sawa na sakafu ya chini ya boti au chini yake kidogo. Sababu nyengine ni mzigo. Boti iliyopakiwa kupita kiasi huilazimisha mashine kufanya kazi ya mashine mbili.

Je, maji yanatoka vizuri na mashine ina moto vile vile? Hapo itazamwe oili. Katika mashine za mipigo miwili, petroli huchanganywa na oili, nayo ndiyo inayolainisha pistoni. Mashine nyingi hutumia kipimo cha 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Lakini kinachofuatwa ni kitabu cha mashine yenyewe. Oili ikipungua, pistoni husuguana na silinda na joto huzaliwa ambalo maji hayawezi kulimaliza. Itumike oili ya mashine za baharini, ambayo aghlabu huandikwa TC-W3 kwenye chupa yake. Oili ya injini ya gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Iwapo oili ni sahihi, gasketi ya kichwa ikaguliwe na fundi mwenye ujuzi.

MAZOEA YANAYOPASWA KUACHWA

Yapo mazoea yanayofanywa kwa nia njema lakini yana madhara.

La kwanza ni kuitoa themostati na kuitupa. Mashine isiyokuwa nayo hubaki baridi mno, mafuta hayaungui sawasawa, plagi huchafuka na vyuma huchakaa kabla ya wakati.

La pili ni kuvua kofia ya mashine ati ipate upepo. Mashine hii hupozwa kwa maji. Kuivua kofia kunaingiza chumvi kwenye nyaya na kabureta, na gurudumu la juu linalozunguka huweza kumkata mtu mkono au kumkamata nguo.

La tatu ni kuiwasha mashine nchi kavu "kuijaribu kidogo". Impela hulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma. Ikizunguka kavu huharibika katika muda mfupi sana, na madhara yake huonekana siku ya pili katikati ya safari.

La nne ni kuwasha mashine boti ikiwa imekaa kwenye tope wakati maji yametoka. Maji ya bamvua yakitoka katika hori zetu huacha tope na mchanga mwingi, na pampu huvuta vyote viwili. Isukumwe boti kwa upondo mpaka kwenye maji ya kutosha, ndipo mashine iteremshwe na kuwashwa.

MATUNZO NA DAFTARI

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Sehemu ya chumvi hiyo huganda ndani ya mifereji, na kadiri mashine inavyopata moto ndivyo inavyoganda zaidi. Dawa yake ni kuiosha mashine kwa maji ya kisima au ya mfereji baada ya kazi. Chukua pipa lililokatwa, litiwe maji yanayopindukia matundu ya kuingizia, na mashine izungushwe humo kwa mwendo mdogo, gia ikiwa imetolewa, kwa muda wa dakika kumi. Kazi hii ifanywe mahali pa wazi kwa sababu ya moshi, na watoto wawekwe mbali.

Impela ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na mashine. Ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na ibadilishwe kabla ya kusubiri ikatike. Haifai kuchonga nyengine kwa mpira wa tairi. Mpira huo haukukusudiwa kupindana maelfu ya mara kwa dakika.

Afisi, skuli na vituo vya afya vyenye boti vinakumbushwa umuhimu wa daftari la mashine. Ndani yake ziandikwe tarehe, saa za kazi, kiasi cha petroli na oili iliyochanganywa, siku impela na themostati zilipobadilishwa, kasoro aliyoiona nahodha, na saini ya aliyepokea taarifa hiyo. Manahodha hubadilishwa, nao wakuu wa afisi huhamishwa, daftari hubaki. Kasoro iliyoandikwa haiwezi kusemwa kwamba haikujulikana.

MUHTASARI

Kabla ya kufungua kamba, mashine iwashwe na mchirizi utazamwe. Ukiwa dhaifu, safari isianze. Ukikatika njiani, mashine izimwe, isafishwe, iachwe ipoe na irudishwe pwani kwa mwendo wa chini. Makasia, nanga na jaketi za kuokolea visikosekane. Na nahodha akisema "ngojeni", abiria wote wangoje, awe mchukuzi wa samaki au mkuu wa idara.

Wakuu wa afisi na Masheha wanaombwa kuyabandika makala haya mahali pa wazi katika madiko na vivuko, na kuwasomea wale wasioweza kusoma wenyewe.